Leo Nini na Bakuli la Mgeni

Kiwandani walimpachika jina la Leo Nini, na likamganda kiasi kwamba ukimwita kwa jina lake la kuzaliwa pale kwenye foleni ya chakula, yeye mwenyewe hageuki. Jina lilitokana na dirisha. Kila adhuhuri, king'ora kikishalia na mashine za kushona soli zikinyamaza, mafundi wa viatu walishuka ngazi wakinuka gundi, wakajipanga mbele ya dirisha la kantini, na aliyewahi kufika aligonga sahani kwa kijiko na kuuliza kwa sauti ya kuamsha wafu, "Leo nini?" Naye mpishi mkuu, mama mnene aliyeshikilia upawa, aliwatazama kwanza kama hakimu, akawaacha wameze mate kidogo, ndipo akataja.

Hapo ndipo ilipokuwa fahari yake. Mezani kwake mtu hakula kitu kilekile siku mbili mfululizo. Maharage ya Jumatatu hayakuonekana tena Jumanne, hata kwa kujificha ndani ya supu. Mpishi aliyemtangulia alikuwa akipika maharage mwaka mzima, Mungu amrehemu, na mafundi walikuwa wakila wameinamisha vichwa kama watu walio msibani. Leo Nini alipokabidhiwa jiko alikata kauli: mtu anayekodolea macho soli ileile kutwa nzima asije akakuta na sahani ni ileile. "Kuchosha ni kazi ya mashine," alikuwa akisema. "Jiko lisichoshe." Na kweli halikuchosha. Alikuwa mpishi hodari, alilijua hilo, na hakuona sababu ya kulificha.

Wachache waliojua chanzo cha ukali wake juu ya jambo hili walikuwa watu wa nyumbani kwao. Alilelewa kwa viazi. Viazi vya kuchemsha na maganda yake, chumvi pembeni, chai ya rangi. Leo, kesho, mtondo. Akiwa binti mdogo aliapa mbele ya sufuria ya mama yake kwamba akiwa na jiko lake, kiazi kitakuja kama mgeni, tena kwa kubisha hodi.

Sasa, mwanzoni mwa msimu wa mvua, baba yake alihamia kwake. Mzee alikuwa fundi bomba mstaafu, mfupi, mbishi, amekula chumvi nyingi na bado anaitaka. Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliopita, naye akakatalia nyumbani kwake peke yake, mpaka siku alipoteleza uani akalala pale chini tangu asubuhi hadi jirani alipokuja jioni kuazima ngazi. Hakuvunjika mfupa. Aliyevunjika ni Leo Nini, moyo, alipopata habari. Kaka yake, dereva wa lori, akamleta mzee na sanduku moja la kahawia lenye mkanda.

"Nitakaa," mzee alisema akiwa bado mlangoni. "Lakini huyu wa lori atapita tena mwisho wa mwezi. Nikiona sikai, napanda naye narudi kwangu. Tusielewane vibaya."

"Sawa, baba," kaka mtu akajibu.

"Sawa, baba," Leo Nini naye akajibu, kwa mdomo tu. Moyoni alikuwa ameshaapa kwamba baba yake harudi kwenye ile nyumba akaanguke tena peke yake na ndege wakimtazama.

Mzee alilisimamisha sanduku nyuma ya mlango wa mbele. Hakutaka kabati. Kila asubuhi alifungua mkanda, akatoa shati, akafunga mkanda. Shati likifuliwa na kukauka, lilirudi sandukuni. Kila aliyeingia nyumbani alilipiga teke lile sanduku kwa bahati mbaya, na kila aliyelipiga teke alikumbushwa kwamba kuna mtu ndani ya nyumba ambaye hajafika.

Leo Nini alipigana vita kwa silaha aliyokuwa nayo. Alipika. Siku ya kwanza kuku wa nazi, ya pili samaki wa kukaanga na ndimu, ya tatu nyama ya kusaga iliyofungwa ndani ya kabichi, mpaka kinyozi, yaani mumewe, akaanza kufunga duka mapema ili asipitwe. Mzee alikula vijiko vichache, akaisogeza sahani.

"Ni tamu, mama," alimwambia bintiye. "Ni tamu sana."

Na sahani ilirudi jikoni nusu imejaa. Mpishi anaweza kuvumilia kuambiwa chakula ni kibaya. Atabisha, atatukana, mambo yataisha. Lakini kuambiwa ni kitamu na sahani irudi imejaa, hilo linamla mtu ndani kwa ndani. Juma lilipoisha kinyozi alimnyoa mkwewe ndevu, akaja jikoni akisugua wembe.

"Shingo ya mzee imepungua," alinong'ona. "Mimi shingo nazijua."

Siku ya pili yake mlinzi wa lango la kiwanda, mtu wa utani na koti refu, alimwita Leo Nini kibandani kwake. Mbwa wake alikuwa amezaa, na watoto sasa walishaacha kunyonya. Mmoja, wa kiume, rangi ya mkate ulioungua kidogo, sikio moja juu na moja chini, alimng'ang'ania mama mpishi kwenye upindo wa aproni, ambako bila shaka palikuwa na harufu ya miaka mingi ya nyama. Wazo likamjia hapohapo: mtu mwenye mbwa hafungi virago ovyo. Hakuuliza swali hata moja. Alimtia kijibwa ndani ya kapu, akasema asante, akaenda zake akikaribia kukimbia.

Mzee alikuwa ameketi sebuleni akisikiliza redio. Kapu likawekwa miguuni pake, na kichwa chenye masikio yasiyopatana kikachomoza.

"Huyu nani?"

"Mgeni, baba."

Mzee alimtazama kijibwa. Kijibwa alimtazama mzee, akapiga chafya, akaanguka nje ya kapu. Na yule baba ambaye hakuwa amecheka tangu mazishi ya mkewe alicheka mpaka akakohoa, mpaka kinyozi akaja mbio kutoka chooni akidhani kuna mtu anasongwa.

"Basi tuko wageni wawili," mzee alisema akijifuta macho. "Tutabanana hapohapo mlangoni."

Jina likawa hilo, Mgeni. Tangu saa ile wawili hao hawakuachana. Mzee alipokwenda uani, Mgeni alikwenda uani. Mzee alipotengeneza bomba la jikoni lililokuwa likidondoka tangu enzi na enzi, Mgeni alilala chini ya sinki akiangalia na kufundishwa kazi. "Hii ni spana. Hii ni nati. Usiile." Leo Nini alisikiliza kutoka chumbani akawa kama anaelea kwa furaha.

Na kwa kuwa alikuwa na furaha, alimpikia na mbwa.

Hakuna mtu duniani angemlaumu kwa nia yake. Alisema mtoto huyu ametoka kibandani, amepata taabu, sasa apate mambo. Siku ya kwanza Mgeni alikula mayai ya kuvuruga na maziwa. Siku ya pili maini. Siku ya tatu supu ya mifupa yenye vitunguu kidogo, kwa ajili ya harufu. Kisha tambi na nyama ya kusaga, kisha samaki, kisha pakiti ya chakula cha mbwa cha dukani aliyoichagua kwa sababu ilikuwa na picha ya mbwa mkubwa mwenye kifua kama cha mwanajeshi. Mgeni alikula kila kitu, akalamba bakuli, akalisukuma kwa pua mpaka likagonga ukuta. Mpishi akamtazama baba yake kama kumwambia: unaona wenzako?

Lakini kipya kinyemi, ingawa kidonda. Tumbo la Mgeni lilichafuka. Mwanzo lilichafuka uani, na mambo ya uani huishia uani. Kisha likachafuka jikoni, koridoni, na hatimaye juu ya zulia la sebuleni, zawadi ya harusi. Kinyozi alishika kitambaa cha kupigia deki akapiga magoti.

"Nilipokuoa," alisema bila kuinua kichwa, "hili halikuwamo kwenye mazungumzo."

"Bomba la mtoto huyu limeachia," mzee alisema.

"Ni chakula cha jana tu hakikumpenda, baba. Leo nitambadilishia."

Akambadilishia. Na kesho yake akambadilishia tena, kwa sababu katika elimu yake yote ya jiko, mtu akikataa chakula dawa ilikuwa ni chakula kingine. Asubuhi moja Mgeni hakuinuka kumfuata mzee uani. Alilala kando ya sanduku, pua kavu, mbavu zikihesabika, sikio lile la juu nalo limelala. Mzee aliinama kwa taabu, akamnyanyua akamweka kifuani.

"Mama," alimwita bintiye, na sauti yake haikuwa na ubishi wowote, ndiyo maana ilitisha. "Huyu hapatani na nyumba hii. Si kosa lako. Mzoea punda hapandi farasi. Kaka yako akija, nitaondoka naye mimi, na huyu tutampitisha kwa mlinzi arudi kwa mama yake."

Leo Nini alivua aproni, akamfunga Mgeni kwenye taulo, akatoka. Njia nzima alimsemesha kama mtu anayemwomba radhi mkwe.

Daktari wa mifugo alikuwa na chumba kidogo chenye meza ya bati, na nje palikuwa na foleni ya paka ndani ya maboksi, mbuzi mmoja, na kuku aliyekuwa na hasira na kila mtu. Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke mwembamba mwenye viatu vya mpira na mikono iliyojua inakokwenda. Alimpima Mgeni joto, akambonyeza tumbo, akavuta ngozi ya shingo akaangalia inarudi kwa kasi gani.

"Amekula nini wiki hii, mama?"

Hilo lilikuwa swali la kazi yake, na Leo Nini alilijibu kwa kujitutumua kidogo, hakuweza kujizuia. Alitaja mayai na maziwa, akataja maini, akataja supu yenye vitunguu na tambi na samaki na ile pakiti ya mbwa mwenye kifua, akaeleza hata alivyoikausha ile nyama ya kusaga isiwe na mafuta mengi. Daktari alikuwa akiandika. Katikati aliacha kuandika, akaweka kalamu chini.

"Mama, mimi mwenyewe sijala hivyo tangu niolewe."

"Nilitaka asichoke."

"Nani kakwambia mbwa anachoka?" Daktari alicheka, lakini si kwa kumsuta. "Huyu tumbo lake ni changa. Kila unapoleta kipya linaanza kujifunza, kabla halijajua unaleta kingine. Limechanganyikiwa. Na vitunguu usimpe tena kabisa, kwa mbwa ni sumu. Maziwa nayo acha. Ile pakiti ya mwenye kifua ni ya mbwa wakubwa, huyu anataka ya watoto. Lakini bado tumemuwahi, tumbo limechoka tu." Akamwekea maji chini ya ngozi kwa sindano, Mgeni akalia kidogo kwa heshima. "Sasa niambie. Alikotoka, alikuwa akila nini?"

Mbuzi nje alilia.

"Sikuuliza," Leo Nini alisema.

"Nenda kaulize. Mpe hichohicho alichokizoea, kidogokidogo, mara nne kwa siku, na maji safi, mpaka choo kikaze. Hapo ndipo uanze kumhamisha. Kiganja kimoja cha chakula kipya, vitatu vya zamani. Ukiona mambo shwari, nusu kwa nusu. Kisha cha zamani kipungue chenyewe mpaka kiishe. Wiki nzima, ikibidi zaidi. Akilegea tena, rudi nyuma hatua moja, usigombane naye." Daktari alimkabidhi taulo lake na kilichokuwamo. "Usimng'oe, mama. Mhamishe."

Maneno hayo mawili Leo Nini alitembea nayo mpaka langoni kwa kiwanda. Mlinzi alikuwa akipanga fito za lango.

"Huyu alikuwa anakula nini hapa?"

"Chakula chako mwenyewe!" Mlinzi alishangaa kuulizwa. "Kila siku si nachukua ule wali mtupu unaobaki chini ya sufuria kabla hujautia viungo vya siku hiyo? Nauponda na visamaki vidogo vya kuchemsha. Basi. Kila siku huohuo. Mbona hukuniuliza siku ile? Ulivyokimbia, nilidhani umeniibia kitu kingine humo kapuni."

Alicheka, naye Leo Nini akacheka, japokuwa uso ulimwaka. Mtoto alikulia kwenye sufuria yake mwenyewe, na yeye ndiye aliyemtoa humo kwa fujo.

Nyumbani aliteleka wali mtupu, akauponda na visamaki vya kuchemsha. Bila mafuta, bila chumvi, bila jani wala punje ya kiungo chochote. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye kopo la viungo na ilibidi aurudishe kama anavyorudishwa mtoto wa jirani. Mzee aliketi kwenye kigoda cha jikoni, Mgeni mapajani. Alipowekewa bakuli, kijibwa alinusa, akainua kile kichwa kidogo, akatikisa mkia mara moja, mkia mnyonge wa mgonjwa, akaanza kula. Hakula kwa pupa kama alivyozoea kula vile vya wiki nzima. Alikula taratibu, kama mtu aliyefika.

Leo Nini alisimama na mwiko mkononi akitazama. Kisha akamtazama baba yake, shingo yake ndani ya kola iliyokuwa ikimtosha zamani. Miaka yote hiyo watu walimuuliza yeye leo nini, naye akajibu. Hakuwahi hata siku moja kumuuliza mtu.

"Baba."

"Naam."

"Leo nini?"

Mzee hakuelewa. "Unaniuliza mimi? Mpishi si wewe?"

"Nakuuliza wewe. Unataka kula nini?"

Mzee alimpapasa Mgeni sikio lililolala, kama mtu anayeona aibu kuomba.

"Viazi," alisema.

"Na kesho?"

"Viazi."

"Baba, mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Mwanangu kiwanda kizima kinamsifu, mimi nije nidai viazi? Tena wewe, uliyevikimbia." Alitabasamu, kisha tabasamu likaisha. "Chakula chako kitamu, mama, wala sikudanganyi. Lakini nikiketi pale mezani sijui kinakuja nini. Mama yako hayupo. Kitanda si kile. Mlango wa choo uko upande mwingine. Basi na sahani nayo nisiijue?"

Leo Nini aliweka mwiko chini akalia, palepale mbele ya jiko, bila kujificha. Alilia kwa ajili ya mama yake na sufuria yake ile aliyoidharau, na kwa ajili ya huyu mzee aliyekuwa akisema ni tamu, ni tamu, huku akifa njaa kwa adabu. Mzee alimwacha alie. Kisha akasema viazi haviivi kwa machozi, maana chumvi yake haitoshi, na bintiye akacheka na kamasi.

Akachemsha viazi. Na maganda yake, chumvi pembeni, chai ya rangi. Mzee alikula akamaliza, akapangusa kidole kwenye chumvi iliyobaki, akapiga mbweu ambayo kinyozi, aliyekuwa akiingia kutoka kazini, aliijibu kwa "Afya!" akidhani ni chafya.

Tangu hapo ile nyumba ikawa na furaha ambayo mpita njia asingeielewa, kwa sababu ilikuwa furaha ya watu kula kitu kilekile. Wali mtupu chini, viazi juu. Choo cha Mgeni kilikuwa habari ya kwanza ya asubuhi. Mzee alitoka uani, akarudi, akasimama mlangoni kama mtangazaji.

"Kimekaza!"

"Kimekaza kweli, au kidogo?" Leo Nini alipiga kelele kutoka chumbani.

"Kweli! Njoo uone!"

"Sitaki kuona mimi!" kinyozi alilia kutoka kitandani. Lakini alikwenda, akaona, akasema kweli.

Ndipo wakaenda kutafuta chakula chenyewe. Dukani Leo Nini hakuangalia tena vifua. Alimtaka muuzaji amwonyeshe cha watoto, akafunguliwa mfuko wa punje ndogo za kahawia, akazinusa, akazisugua kiganjani, na kabla muuzaji hajawahi kumzuia akatupia moja mdomoni.

"Mama! Hicho ni cha mbwa!"

"Najua. Siwezi kumlisha mtu kitu nisichokionja." Alitafuna kwa makini, macho juu. "Hakina chumvi. Kina samaki kwa mbali. Kitafaa." Muuzaji aliisimulia habari hiyo mtaa mzima, ikafika kwenye kiti cha kinyozi kabla mkewe hajafika nyumbani.

Kiganja kimoja kipya, vitatu vya zamani. Mgeni alizichambua zile punje akaziweka kando, kesho yake akala moja kwa bahati mbaya, kesho kutwa akazitafuta. Mzee aliyafuatilia mambo hayo kwa makini kuliko habari za redioni. Alisema ndivyo bomba la nyumba yenye watu linavyobadilishwa: kipande kwa kipande, maji yakiendelea kupita. Na siku moja, Leo Nini akiwa anapakua viazi vyake, mzee alikohoa.

"Ule mchuzi wa jana wa mumeo. Nitilie kijiko kimoja. Kando. Usiguse viazi."

Leo Nini alitia kijiko kimoja, kando. Jikoni alimfinya mumewe kwa furaha hadi akaruka. Alitaka kumletea mzee sufuria nzima, na pilipili, na kachumbari, na samaki mzima. Kinyozi alimshika aproni kwa nyuma.

"Kiganja kimoja," alimkumbusha. "Vitatu vya zamani."

Mwezi ukafika mwisho kama inavyofika miezi yote. Leo Nini alijizuia kuuliza. Asubuhi ya Jumamosi lori lilinguruma nje, na kaka mtu akaingia na vumbi lake, akamkumbatia baba yake, akamrudisha nyuma kidogo amtazame.

"Umenenepa!"

"Nilipokuja nilikuwa nimekonda?" mzee akabisha.

"Haya, twende au hatwendi? Nina mzigo, nataka nitoke kabla jua halijapanda." Kaka aligeuka nyuma ya mlango kuchukua sanduku. Halikuwapo. "Sanduku liko wapi?"

"Chumbani kwangu. Lakini huwezi kulichukua."

"Kwa nini?"

"Lina mpangaji."

Kaka alikwenda, na Leo Nini akamfuata, kwa sababu hata yeye alikuwa na siku kadhaa hajaingia chumba kile; mzee siku hizi alijifagilia mwenyewe. Sanduku lilikuwa limefunguliwa chini ya dirisha, mfuniko umeegemezwa ukutani, mkanda umetafunwa ukabaki kipande. Ndani yake palitandikwa sweta la kijivu, lile ambalo mama yao alilifuma, na juu ya sweta Mgeni amelala chali, tumbo duara, masikio yote mawili yamesimama hata usingizini. Kabati lilikuwa wazi. Mashati ya mzee yalining'inia humo, yamepangwa.

Leo Nini alisema anakwenda kuangalia vitunguu. Hapakuwa na vitunguu vyovyote jikoni siku ile. Alishika ukingo wa sinki, lile lisilodondoka tena, akaacha machozi yatoke yakiwa na kicheko ndani yake, huku kaka yake akisikika sebuleni akilalamika kwamba amezunguka kilomita zote hizo kwa ajili ya mbwa, na kinyozi akimjibu kwamba ajipange, hata yeye hapa ni wa tatu.

Kisha akasikia kijiko kikigonga sahani, kwa nguvu, kama pale dirishani adhuhuri.

"Leo nini?" baba yake aliuliza kwa sauti iliyomwamsha Mgeni.

Alijifuta uso kwa aproni. "Kama jana, baba!"

"Na mchuzi upo?"

"Upo. Nikutilie kando?"

Kucha ndogo zilisikika zikija mbio koridoni.

"Juu, mama," mzee akasema. "Mwaga tu." Naye akasogeza kiti.